Isimila na Kalenga kwa Darasa la Walimu Tarajali: Ziara Inayolipa Ukiipanga Hivi

Kwa chuo chochote cha ualimu kilichopo Iringa, Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale na nguzo ndefu za udongo, ni darasa la nje ambalo hakuna maabara inayoweza kulitengeneza upya. Tathmini hii ni ya wahadhiri na wakufunzi wanaofundisha mbinu za historia, jiografia na maarifa ya jamii, pamoja na walimu wa sekondari wanaotaka kupeleka kidato kizima. Mtalii wa kawaida atafurahi hata bila ushauri wetu. Mwalimu tarajali yeye anatakiwa arudi na andalio la somo, na hapo ndipo ziara nyingi zinapopwaya.

Hukumu tuiseme mapema. Isimila tunaipa nyota tano kwa jiografia na nne kwa historia. Nyota moja tumeibakiza kwa sababu mawe yanaonyesha vizuri kazi ya mikono lakini yanasema machache kuhusu wenye mikono hiyo. Kalenga, penye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni nyota tano kwa historia, mradi darasa lifike likiwa limesoma. Makumbusho ya Iringa Boma yaliyopo katikati ya mji, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la enzi za Wajerumani, tunayashauri yawe siku nyingine, maana hayahitaji gari na ni hasara kuyapitia mbiombio saa kumi na moja jioni wanafunzi wakiwa hoi.

Isimila ipo karibu kilomita 20 kutoka mjini Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mafinga na Mbeya. Ukiacha lami, kipande cha vumbi kilichobaki ni kifupi. Kalenga nayo ipo karibu kilomita 15 kutoka mjini, lakini kwenye barabara iendayo hifadhi ya Ruaha. Hizi ni njia mbili tofauti, kwa hiyo hesabu ya mafuta na muda ipigwe kwa kupitia mjini katikati. Kosa la kwanza la waratibu ni kumwambia mwenye Kosta kwamba "ni hapo hapo tu", halafu saa nane mchana dereva anadai nyongeza ya kusubiri. Mkataba wa gari uandikwe kwa siku nzima, vituo vitajwe kimoja kimoja, na saa ya kurudi iandikwe.

Kwa darasa la watu 48 chukua Kosta mbili. Kubanana kwenye moja ni hatari barabarani, na wanaofika wamechoka hawachori. Toka chuoni saa 1:00 asubuhi. Kati ya Mei na Oktoba njia ni kavu na korongo linapitika bila shida. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya Iringa, kila mtu avae sweta. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo udongo wa korongoni unateleza na maji yanaweza kuteremka ghafla kutoka juu hata kama ulipo hakujanyesha. Viatu viwe vya kufunga. Mwenye kandambili atashinda akiangalia miguu yake badala ya kuangalia ukuta wa tabaka. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu si mengi, maana sehemu ya nguzo haina kivuli cha kutegemea ikifika saa tano.

Viingilio vya mwanafunzi, mtu mzima na mgeni kutoka nje hutofautiana. Kwa hiyo barua ya chuo, orodha ya majina na vitambulisho viandaliwe, na utaratibu wa malipo uulizwe siku kadhaa kabla. Kugundua mlangoni kwamba malipo ni kwa namba ya kumbukumbu wakati mweka hazina kabeba noti mfukoni kunakula nusu saa, na nusu saa ya asubuhi ndiyo yenye mwanga mzuri.

Sasa tuingie kwenye kiini. Zana za mawe za Isimila ziligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa wa kitaalamu ukafanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell na wenzake. Zana hizo ni za utamaduni wa Acheul, yaani mtindo wa kuchonga zana wa Zama za Mawe za Kale, jina lililotokana na Saint-Acheul huko Ufaransa. Utaona mashoka ya mkono, mawe yenye makali mapana upande mmoja, na mawe ya mviringo. Mengine ni makubwa mno kwa kiganja cha mtu mmoja, na hilo peke yake ni swali zuri: lilishikwaje, na kwa kazi gani?

Tunalisisitiza hili kuliko yote: mwongozo azungumze mwisho. Si kwamba waongozaji hawajui kazi. Mwanafunzi akishaambiwa "hili ni shoka la mkono" hataliangalia tena jiwe. Ataandika sentensi hiyo na kugeuka kupiga picha. Mfuate mwongozo kabla wanafunzi hawajashuka, mweleze kwa heshima kwamba mnahitaji saa mbili za kuangalia na kupima, yeye akiwa pamoja nanyi kwa usalama na taratibu za eneo, kisha mpeni dakika 40 za mwisho aeleze na kujibu maswali. Maswali atakayoulizwa hapo yatakuwa ya watu walioona, na mazungumzo yatanoga.

Gawa watu 48 katika vikundi vitatu vya watu 16, kila kimoja na mkufunzi wake. Vituo ni vitatu, dakika 40 kila kimoja, kwa kuzunguka.

Kituo cha mawe kinahitaji penseli, rula ya sentimita 30 na karatasi nyeupe. Kila mmoja achague jiwe moja na kulichora mara mbili, uso wa juu na ubavu, akiandika urefu na upana. Bila ruhusa hakuna kugusa. Rula inashikwa hewani karibu na jiwe, hailazwi juu yake. Kisha swali moja tu: unajuaje kwamba jiwe hili lilichongwa na mtu, halikubanduka lenyewe kwa jua na maji? Jibu la haraka litakuwa "kwa sababu lipo makumbusho". Usilipokee. Mrudishe kwenye jiwe. Ahesabu mabaka ya vigae vilivyobanduliwa: yapo uso mmoja au nyuso zote mbili? Yamefuatana kando ya makali au yametawanyika ovyo? Pande mbili za jiwe zinalingana? Jiwe lililovunjika lenyewe huwa na mpasuko mmoja au miwili isiyo na mpangilio. Jiwe lililochongwa lina mabaka yanayofuatana nyuso zote mbili mpaka makali yanakutana kwenye ncha. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake, ameelewa maana ya ushahidi katika historia kuliko atakavyoelewa kwa mihadhara mitatu.

Kituo cha tabaka ni cha jiografia zaidi. Mwanafunzi asimame mbele ya ukuta wa korongo, achague upana wa kama mita moja na kuchora mstari wima kwa skeli ya 1:20, yaani mita moja ya ukuta iwe sentimita 5 kwenye karatasi. Aonyeshe kila panapobadilika rangi au ukubwa wa chembe. Ni marufuku kukwangua ukuta. Akitaka kujua kama ni mchanga au mfinyanzi, aombe ruhusa ya kuokota chembe zilizokwisha kuanguka chini, azitie tone la maji na kuziviringisha kati ya vidole. Zikitengeneza kamba nyembamba isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi. Zikimeguka, mchanga umetawala. Hoja ya kufikia ni kwamba mashapo haya yalitandazwa mahali palipokuwa na maji yaliyotulia, kisha baadaye sana maji yaendayo yakaja kuyakata. Ni vipindi viwili, kazi mbili tofauti za maji. Wanafunzi wengi huvichanganya na kuandika kwamba mto uliochimba korongo ndio uliozika mawe. Muulize: kama ndivyo, kwa nini tabaka zimelala hivi na kukatwa wima?

Kituo cha tatu ni nguzo, na huko ndiko simu zote zinakotoka mifukoni. Waachieni dakika tano za picha mwanzoni kabisa, la sivyo mtagombana nao dakika arobaini zote. Kisha watoe klinomita, vifaa vya kupima pembe ya kuinuka, walizotengeneza chuoni. Kinachohitajika ni kipimapembe cha nyuzi 180, uzi wa sentimita 25, nati moja, na mrija wa soda uliobandikwa kwa selotepu kwenye ukingo ulionyooka. Uzi unafungwa katikati ya ukingo huo, penye alama ya kitovu cha kipimapembe, na nati inaning'inia. Mmoja anachungulia kilele cha nguzo kupitia mrija. Mwenzake anasubiri uzi utulie, anaubana kwa kidole na kusoma.

Hapa pana mtego. Ukiangalia mbele sawasawa, uzi unakaa kwenye 90. Ukiinua mrija na uzi ukasoma 55, pembe ya kilele si 55; ni 90 kutoa 55, yaani 35. Tuseme mpimaji amesimama mita 10 kutoka kitako cha nguzo na macho yake yapo mita 1.5 kutoka ardhini. Tanjenti ya nyuzi 35 ni 0.70. Zidisha kwa 10 upate mita 7.0, ongeza 1.5, nguzo ni mita 8.5. Aliyetumia 55 moja kwa moja atapata karibu mita 15.8, na kwa kuwa nguzo zinatisha kwa chini, atayaamini mahesabu yake. Wengine husahau kuongeza urefu wa macho. Wengine husimama juu ya tuta au ndani ya shimo, na hapo sharti la ardhi kuwa sawa linavunjika. Kila nguzo ipimwe na jozi tatu kutoka umbali tofauti, na majibu yakiachana kwa zaidi ya mita moja wajadili wenyewe kosa lipo wapi kabla mkufunzi hajasema neno.

Kuhusu sababu ya nguzo kusimama, sahihisha mapema maelezo ya kwamba "zilichongwa na upepo". Mchongaji mkuu ni maji ya mvua na kijito. Sehemu zilizo laini zilisombwa, zilizoshikamana zikabaki. Mwambie mwanafunzi atafute mifereji midogo iliyochorwa ubavuni mwa nguzo, ataiona ikiteremka kutoka juu kwenda chini.

Kuna jambo lingine ambalo mkufunzi mzuri halipitii juu juu: umri. Vitabu vya wasafiri huitaja Isimila kuwa ya miaka 60,000 hadi 100,000. Kipimo cha uranium kilichochapishwa mwaka 1972 kilitoa takriban miaka 260,000. Tofauti hiyo isifichwe, ifundishwe. Waulize wanafunzi kwa nini hapa hakutumiki kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri kwa kaboni iliyobaki kwenye mabaki ya viumbe. Nusu ya kaboni hiyo huisha kila baada ya miaka 5,730. Ikifika miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Mwalimu atakayeweza kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza jambo hilo kwa sentensi nne rahisi ameiva.

Mkitoka korongoni saa tano na nusu, hesabuni watu mara mbili na mifuko iangaliwe. Kubeba jiwe "la kumbukumbu" ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jiwe lililoondolewa mahali pake halina tena habari ya kumwambia mtafiti.

Chakula kiwe mjini, kimeshaagizwa. Kalenga mfike saa 8:00 mchana.

Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, na makumbusho yake ndiyo yanayohifadhi fuvu lake. Ni mahali padogo. Kundi la watu 48 haliingii kwa pamoja likasikia kitu. Ingizeni 16, wengine wabaki nje na kazi. Hapa sauti ishuke. Kwa Wahehe hili ni kaburi la heshima kabla halijawa somo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wanafunzi wafundishwe kusalimia, "Kamwene", wanapowakuta wazee. Hilo lisichukuliwe kama pambo la ziara: atakayefundisha Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililoletwa na mtaala ulioboreshwa wa 2023, hawezi kufundisha nusu ya pili ya jina hilo huku akikanyaga huzuni ya watu.

Kazi ya wanaosubiri nje ni kadi tano zenye miaka tu: 1891, 1894, 1898, 1919, 1954. Kila kikundi kipange na kueleza kilichounganisha mwaka mmoja na unaofuata. Agosti 17, 1891, kule Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro, jeshi la Mkwawa lilivamia na kulivunja jeshi la Kijerumani la kamanda Emil von Zelewski, naye akafa hapo. Oktoba 30, 1894, Wajerumani chini ya gavana Friedrich von Schele wakaiteka Kalenga. Julai 19, 1898, Mkwawa akajipiga risasi huko Mlambalasi akikataa kukamatwa, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Katika maandalio ya walimu tarajali makosa mawili hayaishi: la kwanza, Lugalo na kuanguka kwa Kalenga kuandikwa kama vita moja, la pili, "Mkwawa aliuawa na Wajerumani". Kosa la pili linamnyang'anya Mtwa uamuzi wake wa mwisho, na mwanafunzi yeyote wa Kihehe darasani atalijua.

Kadi ya 1919 ndiyo inayowasumbua, na ndiyo tamu. Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Miongoni mwa mambo ya mipaka, fidia na majeshi, jina la mtawala kutoka Uhehe limo. Lete nakala ya kifungu hicho, isomwe kwa sauti. Kisha uliza: Waingereza walilitakia nini fuvu? Horace Byatt, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa, alilipendekeza jambo hilo akijua Wahehe walikuwa upande wa Uingereza vitani na kwamba wangelifurahia. Ujerumani ilikana kulijua. Fuvu lilirudi mwaka 1954 chini ya gavana Edward Twining, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini.

Swali gumu zaidi liachwe kwa darasani, wiki inayofuata, si mbele ya fuvu. Twining alieleza kwamba kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, alilichagua fuvu hilo kwa kupima upana wa fuvu, kuugawa kwa urefu na kuzidisha kwa 100, akapata 71, sawa na vipimo vya jamaa wa Mkwawa. Je, kipimo hicho kinatosha kumtambua mtu mmoja? Ni watu wangapi wanaweza kuwa na 71? Na ushahidi ukiwa mwembamba, heshima ambayo jamii imelipa fuvu hilo kwa miongo yote hii inapungua? Tunaamini kwa dhati kwamba mwalimu asiyeweza kulisimamia jadiliano hilo kwa utulivu hajawa tayari kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hata kama ubao wake unapendeza.

Kuhusu kadi za kazi kwa jumla: maswali matano yanatosha kwa siku nzima. Kadi yenye maswali ishirini inazaa wanakili. Anayejibu huandika maneno ya bango, mwenzake anamnakili yeye, na jioni unasahihisha karatasi 48 zenye jibu moja. Ramani ya topografia ya 1:50,000 ni ya lazima, moja kwa kila watu wanne. Karatasi moja hufunika takriban kilomita 27 kwa 27, kwa hiyo angalia kama safari yako inavuka kwenda karatasi ya pili. Wakiwa garini wafuate barabara kwa uzi: kilomita 20 zitakuwa sentimita 40 kwenye ramani. Uzi ukipungua, mara nyingi ni kwa sababu kona zimekatwa kwa kunyoosha.

Iringa Boma iwekwe Jumamosi nyingine, kwa miguu, saa mbili zinatosha. Thamani yake kwa walimu ni vitu vya maisha ya kila siku ambavyo Kalenga haina nafasi navyo. Kwa wanaofundisha shule za msingi, kikapu cha milulu kinabeba somo zima: mmea unaota wapi, nani anasuka, soko lipo wapi. Mwanafunzi akitoka na swali moja la namna hiyo kwa kitu kimoja, ametosheka.

Wenzetu wa Mbeya wasijilazimishe kuja Isimila kwa siku moja. Zaidi ya kilomita 300 kila upande hazibebeki. Mbinu hii hii ya kuona kwanza na kusikia baadaye inafaa Kimondo cha Mbozi, upande wa barabara ya Tunduma, ambako jiwe la chuma lenye urefu wa kama mita tatu lilichimbuliwa pembeni na kuachwa mahali pake, na Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira karibu na Tukuyu. Klinomita ni ile ile. Kimondoni ongezeni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi, isogezwe karibu bila kugusa, na wanafunzi waandike uzi umevutwa kuelekea wapi kabla ya kusoma bango.